Busta, Noah na mwezi wa Kigomasha

Kila ikifika tarehe 29 Shaaban, baada ya sala ya alasiri, wazee sita wa mtaani kwetu Wete hupanda gari yangu nikawapeleka Kigomasha kutazama mwezi wa Ramadhani. Safari hii haina nauli. Baba mkwe wangu, ambaye mtaa mzima humwita Maalim na mimi nimefuata hivyo hivyo, aliianza zamani kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki za kuazima. Nilipomuoa binti yake, na mwaka wa pili nikanunua Noah, aliona dua zake mbili zimejibiwa kwa mpigo mmoja.

Kwa nini Kigomasha? Mwezi mwandamo hutafutwa magharibi, pale pale jua lilipozama, na upande wa magharibi wa Pemba kwingi kumezibwa na mikoko, visiwa vidogo na vilima vya mikarafuu. Ile ncha ya kaskazini ndiyo iliyo wazi. Ukisimama kwenye mchanga wa Verani mbele yako ni Mkondo wa Pemba peke yake, na siku hewa ikitakata utaona kwa mbali kivuli cha milima ya Usambara. Hakuna paa wala mnazi wa kusingizia.

Kasoro ya mahali hapo ni mtandao. Kijiinukoni, karibu na ule mnara wa taa wa chuma wa zama za Waingereza, utapata mstari mmoja, na mstari wenyewe una kigugumizi. Ukiteremka mchangani, jabali likiwa mgongoni mwako, hupati hata huo.

Mwaka ulioanzisha mambo yote haya ya busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi ya simu, mbingu ilikuwa safi kama sinia lililosuguliwa kwa majivu. Jua likazama, tukanyamaza. Mjukuu wa Maalim, kijana wa miaka kumi na minne tuliyemchukua makusudi kwa ajili ya macho yake, ndiye aliyenyoosha kidole mwanzo. Mwezi ule, mwembamba kama kipande cha ukucha. Wazee wanne wakauona. Wa tano akasema anauona, nadhani asibaki peke yake. Wa sita akakiri kwamba yeye hata huyo kijana anayenyoosha kidole hamuoni sawasawa.

Maalim akatoa simu ampigie mtu wake mjini, naye autoe ushahidi kunakohusika. Simu kimya. Tulikuwa watu wanane na laini za kampuni nne, na zote zilikuwa bubu. Tukapanda kijiinukoni, Maalim ameinua simu juu ya kofia kama anayeomba mvua. Ikaita mara mbili, sauti ikasema "Hal…", ikakatika. Tukaswali Magharibi kwa haraka, tukaingia garini, tukaupita msitu wa Ngezi gizani, popo wakivuka mbele ya taa, hakuna aliyesema neno. Tulipokaribia Konde simu zote zikalia kwa pamoja kama kuku waliofunguliwa banda. Habari ilikuwa imekwishatangazwa. Mwezi ulionekana kwengine, na watu walikuwa wanajitayarisha kwa Tarawehe.

"Si ndiyo vizuri, Maalim?" nikasema. "Umeonekana, basi."

"Vizuri, mwanangu," akajibu. "Lakini ushahidi wetu umekuwa karafuu iliyonyeshewa kwenye jamvi. Mali ni ile ile, daraja siyo."

Maneno hayo yalinikaa. Wiki ile ile nikaanza kuuliza habari za busta.

Kwa asiyeijua, busta ya gari ni vitu vitatu. Kuna antena ya nje, inayokaa juu ya paa. Kuna kisanduku cha kukuza mawimbi, ambacho wengi hukificha chini ya kiti. Na kuna antena ndogo ya ndani, inayomrushia mwenye simu kile kilichokuzwa. Kebo nene kidogo huunganisha vyote, na umeme hutoka kwenye betri ya gari, volti 12. Simu ikijibu, safari inarudi kinyume: antena ya ndani inaisikia simu, kisanduku kinakuza, antena ya paa inarusha kwa mnara. Huu upande wa kurudi watu huusahau, na ndio ulionitia hasara, kama nitakavyoeleza.

Busta haileti mtandao. Nimelisema hili mara nyingi mno kwenye maskani ya Wete, na bado kila wiki kuna mtu ananiuliza kama nikiiwasha ndani ya shimo la kisima atapata WhatsApp. Busta ni kipepeo cha kupepelea moto. Bibi akiwa na kaa moja jekundu ndani ya jivu, atalipepea mpaka jiko zima liwake. Jivu likiwa tupu, atapepea mpaka mkono umuume, atarusha vumbi tu. Na busta mbele ya jivu tupu hufanya hivyo hivyo: inakuza makelele ya hewani, simu inakuonesha mistari, na hakuna kinachopita.

Gari nalo lina lawama yake. Bati la bodi linazuia mawimbi, na vioo vyenye ile karatasi ya giza yenye chembe za madini huzuia zaidi. Kwa hiyo antena ikikaa juu ya paa umekwishapata faida hata kabla kisanduku hakijawashwa, kwa kuwa umetoka nje ya bati. Ukitaka kujaribu bila ya kutumia senti, shuka garini na simu yako. Mara nyingi mstari mmoja utaongezeka kwa kushuka tu.

Busta yangu ya kwanza ilitoka Marekani. Shemegi yangu, mtoto wa Maalim, anaishi Columbus, Ohio, na aliposikia kisa cha baba yake kurudi na ushahidi uliochelewa, aliona haya kama kwamba mkondo wa bahari na msitu wa Ngezi ni makosa yake. Miezi miwili baadaye mzigo ukafika kwa mkono wa mtu anayerudi nyumbani. Kisanduku kizuri, kizito, karatasi ya maelezo kurasa arubaini. Tukakifunga siku ile ile, nikaendesha mpaka kijiinukoni. Mistari ikapanda, miwili, mitatu. Maalim akatabasamu. Nikapiga simu kwa mke wangu. Haikuita. Nikapiga tena, haikuita. Mistari mitatu, na simu haitoki!

Nilidhani laini imeisha salio. Nikaweka salio jengine siku ya pili, mambo yakawa yale yale. Ilinichukua kusoma usiku kadhaa mpaka nikaelewa, na nitaeleza polepole kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi anamuagizia ndugu yake busta kutoka ng'ambo.

Simu na mnara hawazungumzi kwenye njia moja. Mnara una masafa yake ya kuteremshia sauti, simu ina masafa yake ya kupandishia. Na nchi hazikugawa masafa kwa namna moja. Wamarekani wengi wako kwenye megahezi 700, 850, 1900, na jengine ambalo simu hupandisha kwa 1700 na mnara huteremsha kwa 2100. Sisi huku sauti ya 2G iko 900 na 1800, 3G iko 900 na 2100, na 4G imetawanyika baina ya 700, 800, 1800 na kwengineko. Utaona kuna mahali pamoja tunapogusana: 2100 ya kuteremsha. Basi kile kisanduku cha Ohio kilikuwa kinausikia mnara wetu wa 3G na kuukuza vizuri kabisa. Lakini simu yangu ilipojibu, ilijibu kwa masafa ambayo kisanduku hakikuumbwa kuyapandisha. Nilikuwa kama mtu aliyewekewa spika kubwa sikioni huku kazibwa mdomo. Mnara ulinifikia, mimi sikuufikia.

Shemegi hatujamwambia mpaka leo. Kisanduku kiko juu ya kabati la mama mkwe, kimefunikwa kitambaa cha maua.

Kabla ya kununua cha pili nilijifunza kusoma namba badala ya mistari, na hilo ningemshauri kila mtu alifanye hata kama hana nia ya kununua kitu. Mistari ya simu ni mapambo. Kila mtengenezaji huipanga apendavyo. Ndani ya mipangilio ya simu, au kwa programu ya bure, utakuta namba yenye alama ya kutoa mbele yake na herufi dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwenye 2G, karibu na mnara wa Wete nilikuwa nasoma -60. Njiani -85, -90. Ukifika -105 sauti inaanza kukatika, na -110 ni kaa la mwisho ndani ya jivu. Namba hiyo -110 maana yake ni milliwati moja iliyogawanywa mafungu bilioni mia, ukapewa fungu moja. Bado simu inaweza kulisikia fungu hilo. Mimi hushangaa kila nikilifikiria.

Desibeli, ndiyo hiyo dB ya kwenye dBm, nazo hazihesabiki kama shilingi. Kumi ni mara kumi, ishirini ni mara mia, thelathini ni mara elfu. Huko Marekani sheria imeweka kikomo cha desibeli 50 kwa busta ya gari inayokuza mawimbi ya kampuni zote, yaani mara laki moja. Ukikutana na muuzaji anayekwambia yake ina 70 na inafaa gari, mshukuru na uende zako. Hiyo imetengenezwa kwa jengo, na juu ya paa la Noah itakuletea balaa kwako na kwa majirani.

Maana busta mbaya haimsumbui mwenyewe peke yake. Ikipiga kelele kwenye masafa ya kampuni, mnara mzima unaweza kuziba masikio, na watu wa kijiji wakawa wanailaumu kampuni kumbe ni mtu mmoja na gari yake. Ndiyo maana chombo cha mawasiliano hakitumiki nchini bila ya kuidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo usidhani ukivuka bahari kuja huku umeepuka. Nilimwambia muuzaji wa Dar es Salaam anioneshe idhini kwanza, kisha tuzungumze bei. Wauzaji wawili walinicheka. Wa tatu alikuwa nayo, na bei yake ilikuwa bei ya ng'ombe, tena ng'ombe aliyeshiba. Nilikaa nayo rohoni mwezi mzima. Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Alisema bora ninunue kuliko kukaa nayo rohoni.

Kuifunga niliona ni kazi ya nusu saa. Ilituchukua siku mbili.

Fundi wangu wa umeme wa gari ni kijana hodari, redio na kengele za wizi anafunga amefumba macho. Akaiweka antena ya nje mbele, ukingoni mwa paa, kwa sababu hapo kebo ilikuwa rahisi kupita kwenye mpira wa mlango. Antena ya ndani akaibandika kwenye dashibodi. Ikapendeza. Tukawasha, taa ya kisanduku ikawaka kijani, ikawa nyekundu, ikawa nyekundu mpaka tukachoka.

"Yakhe, hii mbovu," akasema.

Haikuwa mbovu. Umewahi kuhudhuria maulidi, mtu akashika maikrofoni akapita nayo mbele ya spika? Ule mluzi unaotoboa masikio ndio uliokuwa unatokea ndani ya gari yangu, ila masikio yetu hayausikii. Antena ya ndani inarusha, ya nje iko hatua moja mbele ya kioo inakisikia kile kile, inakirudisha ndani, kinakuzwa tena, kinarudi tena. Kisanduku kizuri kikiona hivyo hujipunguza nguvu au hujizima. Kibaya huendelea kupiga mluzi, na hapo ndipo mnara unapopata maradhi niliyoyataja.

Dawa ni umbali, na bati baina yao. Tukaipeleka antena ya nje katikati ya paa upande wa nyuma. Hapo tukagongana na keria ya vyuma ninayobebea magunia. Antena ikawa imesimama baina ya nondo kama mfungwa. Ilibidi tuivue keria yote, na keria ile nilikuwa nimeichomeleza kwa fedha yangu msimu wa karafuu uliopita. Lakini paa tupu lina faida kubwa kwa antena hizi fupi za sumaku. Bati pana lililo wazi chini yake linakuwa kama sehemu ya antena yenyewe, linaisaidia kusambaza kwa usawa pande zote. Ukiinamisha antena au ukaiweka pembezoni, upande mmoja utasikia na mwengine utakuwa kiziwi.

Umeme tukauchukua kutoka kwenye waya unaokuja swichi ikifunguliwa, tukatia fyuzi. Niliwahi kusoma kwamba baadhi ya watu huifunga moja kwa moja na betri, wakiamka asubuhi gari haiwaki. Na kwenye maungio ya kebo nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka tatu. Hewa ya chumvi ya kwetu haina huruma na shaba. Ungio likishika kutu ya kijani kidogo tu, busta ya bei ya ng'ombe inakuwa sawa na ya bei ya kuku.

Basi nikaanza kuzunguka nayo. Kwa wiki kadhaa nikawa kama mtu aliyenunua mizani, kila kitu nataka kukipima. Njia ya Wete kwenda Chake haikuwa na haja nayo. Minara iko ya kutosha. Pemba lakini si kisiwa tambarare kama wageni wanavyodhani. Ni vilima na mabonde, kilima mkarafuu, bonde mpunga, na kila ukiteremka bondeni unauacha mnara nyuma ya kilima. Hapo busta ilifanya kazi yake: mahali ambapo simu ilikuwa -112 na mazungumzo yanakatika kila neno la tatu, ikasoma -80, na sauti ikasimama. Bonde moja tu halikukubali. Nilisimama chini kabisa, karibu na majaruba, namba ikawa inaruka na mistari inakuja na kuondoka, na simu haikutoka kabisa. Jivu tupu.

Msitu wa Ngezi ulinifundisha jambo jengine. Majani mabichi, hasa yakiwa na maji ya mvua, hula mawimbi, na mawimbi ya masafa ya juu huliwa zaidi. 2100 inapotea mapema, 900 inajikongoja mpaka mbali. Kwa hiyo ndani ya msitu huwa naiambia simu ibaki 2G. Intaneti siipati, sauti naipata. Watoto wangu wanaona ni ushamba. Gari ikizima msituni saa mbili usiku hakuna atakayetaka kuangalia video.

Jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha nalo ni abiria. Antena ya ndani ina nguvu ndogo kwa makusudi, isije ikasababisha ule mluzi. Inamfaa aliye karibu nayo, nusu mita hivi, labda zaidi kidogo. Sasa weka watu saba ndani ya Noah, waambie mbele kuna mtandao. Kila mmoja ananyoosha mkono wa simu kwenye dashibodi kupita bega langu. Nimewahi kuendesha kutoka Makangale nikiwa na mikono mitatu mbele ya uso, mmoja wa bi harusi, hina bado mbichi. Nikaihamisha antena nyuma ya kiti changu. Sasa wanagombana wao kwa wao.

Na bado Pemba ilikuwa na busta zake kabla yangu. Kijiji kimoja baada ya msitu, ambacho jina lake sitalitaja wasije wakaniona nawacheka, kina jiwe kubwa la matumbawe nyuma ya mfenesi. Wanaliita Posta. Ukitaka kupiga simu unaambiwa nenda Posta. Nilisimama nalo siku moja na programu yangu mkononi: chini ya mfenesi -111, juu ya jiwe -94. Hatua kumi na mbili za kutembea na kupanda kidogo, desibeli kumi na saba, yaani mara hamsini. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili kibarazani aliniuliza natafuta nini na simu inayopanda na kushuka. Nikamueleza. Akaniuliza ile mashine ya gari nimeinunua shilingi ngapi. Nikamwambia nusu ya bei, kwa aibu. Akaendelea na ukili wake.

"Hilo jiwe, mwanangu," akasema, "tumelikuta."

Kuna pia kisa cha Kenya. Kutoka Kigomasha mpaka pwani ya Shimoni ni kama kilomita 40 za maji matupu, na maji hayana kilima. Mawimbi ya simu husafiri kwa mstari karibu ulionyooka kama mwanga wa ule mnara wa taa, kinachoyakata baharini ni mviringo wa dunia tu. Antena iliyo mita 30 juu ya bahari upeo wake ni kilomita 20 na kitu. Ikiwa juu ya kilima unaongezeka, na zipo jioni ambazo hewa ya bahari huyapinda mawimbi yakafika mbali kuliko kawaida yake. Jioni moja, simu ya abiria wangu ikaandika jina la kampuni ya Kenya. Ikaandika tu, hakupata kuitumia. 2G ina mpaka wa kilomita 35: ukiwa mbali kuliko hapo unausikia mnara, lakini jibu lako linaufikia zamu yako imepita, kwa hiyo haukuhudumii. 4G haina shida hiyo, inaweza kwenda mbali zaidi sana, na hapo ndipo mwenye laini iliyofunguliwa kutumika nje ya nchi huletewa ujumbe wa kukaribishwa Kenya akiwa amekaa juu ya mchanga wa Pemba. Busta haijui Kenya wala Tanzania. Kaa lolote inalolikuta inalipepea. Siku hizi nikifika kule nawaambia watu wafunge matumizi ya nje ya nchi kabla ya kufunga mkanda.

Mwaka huu, tarehe 29 Shaaban, tukaondoka mapema. Kijana amekuwa na miaka kumi na sita, sauti imebadilika, na macho bado mazima. Mzee wa sita alikuja pia, ingawa sasa haoni kabisa. Alisema anakuja kusikiliza.

Nilikwishapachagua mahali tangu wiki mbili kabla. Nimeegesha kijiinukoni, si mchangani, gari imeelekea bahari, swichi wazi, taa ya kisanduku kijani. Bila busta -108. Ndani ya gari -79. Nikampa Maalim simu akae kiti cha mbele, nikamuonesha pa kuishika. Wengine wakateremka mchangani na kijana.

Jua likashuka, likaingia ndani ya wingu. Si wingu la kupita. Ukuta mzima wa kijivu umesimama juu ya bara kutoka kusini hadi kaskazini. Tukangoja. Wingu halikuondoka. Kijana akakaza macho mpaka yakatoka machozi, akatikisa kichwa. Dakika ishirini, thelathini. Wakapanda juu mmoja mmoja wakaingia garini wakapangusa mchanga miguuni.

Maalim akapiga. Simu ikaita mara moja, ikapokelewa. Sauti ya mtu wake mjini ikaja safi kana kwamba amekaa kiti cha nyuma. Maalim akatoa habari yake kwa utaratibu, majina ya waliokuwepo, mahali, saa, hali ya mbingu, na kwamba mwezi hatukuuona. Dakika mbili na nusu bila ya kukatika. Akakata, akaiweka simu pajani, akakaa wima. Miaka yote ile niliyomjua sijamuona amekaa vile.

Halafu simu nyengine zikaanza. Moja, ya pili, zote. Ujumbe wa makundi. Umeonekana nchi fulani. Haukuonekana. Umeonekana, picha hii hapa. Picha hiyo ya mwaka juzi. Fulani kasema kesho ni kufunga, fulani kasema ni Shaaban thelathini. Mzee mmoja akasema mwezi ukionekana popote umeonekana, mbingu ni moja, usiku huu ni Tarawehe. Mwengine akasema yeye anafunga kwa mwezi wa huku alikokwenda kuutazama, na kama angetaka mwezi wa simu angekaa kwake kibarazani asichafue kanzu. Wa tano, yule aliyeuona mwaka ule asibaki peke yake, akawa anasoma kwa sauti kila ujumbe unaoingia, na kila ujumbe unamtoa upande mmoja unampeleka wa pili. Sauti zikapanda. Mzee asiyeona akauliza mara tatu, "Sasa tumeambiwaje?" hakuna aliyemjibu.

Nikanyoosha mkono nikazima swichi.

Taa ya kisanduku ikazimika. Ujumbe uliokuwa ukifunguka ukabakia nusu, kiduara kinazunguka. Mzee wa tano akaitikisa simu, akaiinua juu, akaigonga kwenye kiganja.

"Yakhe, mtandao umekatika," akasema.

Maalim alinitazama. Akaitazama swichi, akanitazama tena. Kisha akafungua mlango wa upande wake.

"Magharibi inatupita," akasema. "Nani ana udhu?"